Pumzi za Mlimani na Siku za Kabla ya Hedhi

Mji wa Same umekaa chini, kwenye joto na upepo mkavu wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, na nyuma yake Milima ya Upare inapanda ghafla mpaka kilele cha Shengena, karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Njia za kwenda Vudee au Mbaga hukufanya uheme mapema tu. Kuhema huko ndiko ninakotaka kukuzungumzia, maana kunaweza kumpa mwanamke nafuu ya jambo analolivumilia kila mwezi kimyakimya.

Yai linapokwisha kupevuka, mwili huanza wiki mbili hivi za kungoja. Kwa wanawake wengi siku za mwisho za kungoja huko huja na matiti yanayojaa na kuuma, tumbo kuvimba, usingizi kuruka, machozi ya karibu na hasira inayowaka kwa neno dogo. Damu ikishaanza kutoka, hali hutulia ndani ya siku chache. Hili si chango. Maumivu ya chango kwa kawaida huja na damu yenyewe.

Robert Frank, daktari wa New York aliyeiandika hali hii mwaka 1931, aliamini wagonjwa wake wana homoni kupita kiasi. Jibu lililo bora zaidi lilikuja mwaka 1998, pale mtafiti Peter Schmidt na wenzake nchini Marekani walipozima kwa dawa kazi ya ovari za wanawake wenye dalili hizo. Zaidi ya nusu walipata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo hilo walipewa homoni zile zile, na hali zao hazikubadilika. Maana yake ni kwamba homoni za mwanamke mwenye dalili hizi zinaweza kuwa za kawaida kabisa. Ni ubongo wake unaoyaitikia kwa ukali mabadiliko ya homoni hizo. Ningependa kila mume na kila mwajiri anayemwita mwanamke mwenye kisirani alisikie hili.

Mazoezi yanaingiaje hapo? Mwaka 1987 mtafiti Jerilynn Prior wa Vancouver, Kanada, alichapisha utafiti wa miezi sita juu ya wanawake walioongeza kukimbia hatua kwa hatua, na dalili zao zilipungua. Mwaka 1993 watafiti wengine wa Marekani walilinganisha mazoezi ya kuhema na yale ya kuinua vyuma. Yote yalisaidia, ila ya kuhema yalisaidia katika dalili nyingi zaidi, hasa huzuni. Mapitio ya mwaka 2020 yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake 717 na kuona nafuu ya mwili na ya moyo pia, ingawa mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na yenye kasoro. Mimi nayachukua kama sababu tosha ya kujaribu. Mwili unaohema mara kwa mara hulala vizuri zaidi, huhimili msongo zaidi, na inaaminika kuwa serotonini, kemikali ya ubongo inayotuliza hisia, hufanya kazi yake vizuri zaidi ndani yake.

Sasa mfikirie mama wa Mamba Miamba anayeshuka na mzigo wa tangawizi kichwani na kupanda tena na kuni. Huyo tumwambie afanye mazoezi? La hasha. Majaribio niliyoyataja yalihusu wanawake waliofanya mazoezi kwa hiari, kisha wakarudi kula na kupumzika. Kazi nzito yenye chakula kidogo ni jambo jingine kabisa. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, mtafiti Peter Ellison na wenzake walipima mate ya wanawake wa Kilese na kuona kwamba msimu wa njaa, walipokonda, projesteroni ilishuka na mayai yakapevuka kwa nadra. Dalili zikipungua kwa njia hiyo, huko si kupona. Ni mwili kubana matumizi.

Kwa mama kama huyo, dawa ni kupunguziwa mzigo. Ndiyo maana mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, nauona kuwa habari ya afya ya wanawake pia: anayeacha kubeba ndoo anapata saa yake mwenyewe.

Mwalimu, karani au muuza duka wa Same mjini, anayekaa kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda, ndiye anayehitaji mlima. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Aende alfajiri kabla jua halijawaka, na awe na mwenzake. Asingoje siku mbaya zifike ndipo aanze, kwa sababu faida hujengwa mwezi mzima.

Na aweke daftari. Kila jioni aandike alivyojisikia, kwa mizunguko miwili, aone kama dalili huja kabla ya damu na kutulia ikishaanza. Wako wachache ambao dalili huwalemea hadi kazi na ndoa zikatetereka, wengine wakafikia kuwaza kujidhuru. Hao wasiishie kwenye matembezi. Waende hospitali bila kuchelewa, maana dawa zipo, nyingine za kunywa siku hizo za kungoja tu. Mwenye mawazo ya kujidhuru aende leo. Daftari atalijaza baadaye.