Tundu la Mtandao Ukutani: Kweli au Si Kweli?

Mgeni akichomeka kebo kwenye tundu la chumba cha mikutano, je, mtandao wa ofisi umpokee bila kumuuliza ni nani? Kiwango cha 802.1X, kilichotolewa na IEEE mwaka 2001, kinamtaka abishe hodi kwanza. Lakini mafundi wengi hukifunga wakiwa na dhana zisizo sahihi.

Swichi ndiyo inayoamua nani aingie.
SI KWELI. Swichi ni bawabu tu. Hupokea utambulisho wa kompyuta, huupeleka kwa seva ya RADIUS, kwa kawaida kupitia poti 1812 ya UDP, kisha hutii jibu. Neno la siri kati ya swichi na seva lisipofanana herufi kwa herufi, seva hunyamaza kimya, na fundi hulaumu nywila ya mtumiaji isiyo na kosa.

Kompyuta yoyote itaitikia hodi yenyewe.
SI KWELI. Kwenye Windows, huduma ya Wired AutoConfig kwa kawaida haijiwashi. Isipowashwa, swichi itauliza na hakuna atakayejibu.

Printa isiyojua 802.1X inaweza kuruhusiwa kwa anwani yake ya MAC.
KWELI, ila kwa tahadhari. Anwani hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha printa yenyewe, na kuiigiza kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Ziweke printa kwenye VLAN yao, zifikie kile zinachohitaji tu.

Ukishathibitishwa, data yako imefichwa.
SI KWELI. 802.1X huuliza mlangoni tu. Mtu akipachika kifaa chake kati ya swichi na kompyuta iliyokwisha kukubaliwa, anaweza kupenya kwa mgongo wa kompyuta hiyo. Kinga ya hilo ni MACsec, yaani kiwango cha 802.1AE, kinachosimba data inayopita kwenye kebo.

Seva ikizimika, wafanyakazi wanaweza kubaki nje.
KWELI. Kwa hiyo weka seva mbili, na uamue mapema tundu lifanye nini zote zisipojibu.

Anza na tundu moja, kompyuta moja. Soma kumbukumbu za seva hadi uelewe kila kukubaliwa na kila kukataliwa, ndipo uende tundu la pili. Na tundu unalotumia wewe kuisimamia swichi liwe la mwisho.