Boti Ikichemsha, Anza na Maji ya Bahari

Mto Lukuledi hupita chini ya miteremko ya Rondo na kumwaga maji yake Ghuba ya Lindi. Miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, hushuka na tope, majani na vijiti. Nahodha anayevusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda huyaona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini yake inayanywa hayo hayo.

Dizeli hugeuza takribani theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayobaki haina budi kuchukuliwa na maji. Zipo injini zinazopitisha maji ya chumvi moja kwa moja kwenye bloku, na zipo zenye maji matamu ndani, yanayopozwa na maji ya bahari kwenye kipoozeo bila kuchanganyika. Za kwanza zisipite sana nyuzi 60, kwani joto likizidi hapo chumvi huanza kuganda njiani. Za pili hufanya kazi vizuri kati ya 80 na 90. Kwa hiyo geji ikisoma 80, boti moja ni nzima na nyingine inaanza kuziba. Ijue ya kwako.

Injini ikichemsha, usikimbilie spana. Punguza mwendo, kisha chungulia bomba la moshi, kwani katika boti nyingi maji ya bahari hutokea humo. Yakiwa haba au hayapo, ubovu uko upande wa bahari: mfuko wa plastiki umeziba tundu la kunyonyea, chujio limejaa majani, hosi imenywea, au impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu, imenyofoka mapezi. Tope la mto lina mchanga, na mchanga hula mpira. Ukibadilisha impela, kusanya vipande vya ile ya zamani na uvihesabu. Pezi usiloliona limesukumwa mbele, na mara nyingi utalikuta mdomoni mwa kipoozeo. Lisipotolewa, impela mpya haitakusaidia kitu.

Maji yakitoka kwa wingi na geji bado inapanda, geukia ndani. Kagua kiwango cha maji matamu, mkanda wa pampu, na kipoozeo kama kimefanya magamba ya chumvi. Kifuniko usikifungue kikiwa cha moto; maji yenye mgandamizo yatakurukia usoni. Mapovu yasiyokoma kwenye maji hayo, au oili iliyogeuka nyeupe, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeharibika. Hapo mwite fundi.

Wapo mafundi ambao dawa yao ya kila joto ni kung'oa themostati, ile vali inayofunguliwa na joto la maji, na kuitupa. Siwaungi mkono. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, maji hufuata mkato na kuzunguka bila kufika kwenye kipoozeo, na injini huchemka zaidi. Badala ya kuitupa, itumbukize themostati kwenye sufuria ya maji jikoni, uyachemshe. Isipofunguka, nunua nyingine.

Kuna na joto lisilotokana na maji. Boti inayotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa msimu wa kusi hupambana na upepo, na pia na mkondo unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Injini hulemewa pia na shehena iliyozidi, makome yaliyoganda tumboni mwa boti, au propela iliyopinda. Ukiona moshi mweusi, na joto linapanda unapokaza mwendo tu, kagua chini ya boti kabla hujafungua nati yoyote.

Mwenye boti unayepeleka abiria Songo Songo, weka sandukuni impela ya akiba, gasketi yake na mkanda. Na nahodha wako umfundishe kubadilisha impela, boti ikiwa bado gatini.