NDOA IKIVUNJIKA KAMBINI: TALAKA, MATUNZO NA MALEZI YA WATOTO



Karatasi hii inaeleza mambo ya msingi ya sheria kuhusu talaka, posho ya mke au mume, matunzo ya watoto na malezi yao. Inawahusu wakimbizi wote walioingia Rusizi (zamani Cyangugu), wakiwemo wale waliovuka Bugarama mwezi wa Desemba 2025 na kupokelewa Nyarushishi. Vita vimetenganisha watu na mashamba yao, na vimetikisa nyumba nyingi pia. Ugomvi unaoanza kwa ajili ya mgao unaweza kuishia kwa mtoto kukosa baba au mama. Kwa hiyo ni vizuri kujua sheria kabla ya kuchukua hatua.

1. TUNAFUATA SHERIA YA NCHI GANI?

Mkataba wa Geneve wa 1951 kuhusu wakimbizi, kifungu cha 12, unasema kwamba mambo ya ndoa na familia ya mkimbizi yanafuata sheria ya nchi anamokaa. Kifungu hicho hicho kinasema ndoa aliyofunga kabla ya kukimbia iheshimiwe. Kifungu cha 16 kinampa mkimbizi haki ya kufika mbele ya mahakama.

Basi ndoa iliyoandikwa kwa eta-sivili Uvira au Bukavu haikubaki mpakani. Umevuka nayo. Katiba ya Rwanda, kifungu cha 17, inatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa nje ya Rwanda kwa kufuata sheria ya nchi ile. Katiba inasema pia kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana.

2. NANI ANAWEZA KUVUNJA NDOA?

Ni mahakama peke yake. Sheria ya Rwanda inasema hivyo, na Kodi ya Familia ya Congo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema vilevile.

Wazee, mchungaji, shehe na kiongozi wa kambi wanaweza kushauri na kupatanisha. Hawawezi kuvunja ndoa iliyoandikwa serikalini. Kurudisha mahari hakuivunji. Talaka ya mdomo haiivunji. Barua yenye muhuri wa kiongozi wa kambi haiivunji. Mtu akioa au akiolewa tena kwa kutegemea barua kama hiyo, ndoa mpya haitasimama mbele ya sheria.

3. TALAKA INAOMBWAJE?

Sheria inayofuatwa sasa Rwanda ni ile Na. 71/2024 ya tarehe 26 Juni 2024 kuhusu watu na familia. Ilichukua nafasi ya sheria ya 2016. Talaka inaweza kuombwa na mmoja, au na wote wawili kwa kukubaliana. Mmoja akiomba peke yake, lazima atoe sababu na ushahidi. Miongoni mwa sababu zinazokubaliwa ni uzinzi, kuihama nyumba, kukataa kuitunza familia, na ukatili.

Kesi hupelekwa kwenye mahakama ya mwanzo, kwa Kinyarwanda Urukiko rw'Ibanze. Hapa Rusizi kuna ile ya Kamembe. Hakimu huwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, anaendelea na kesi.

4. MUME AU MKE AMEPOTEA NJIANI. JE, NIMEACHIKA?

Hapana. Kupotezana katika kukimbia siyo kuihama nyumba. Mwenzako anaweza kuwa hai Burundi, Congo, au katika kambi nyingine. Kwanza mtafute: peleka jina lake kwa Msalaba Mwekundu na kwa HCR. Usikubali kuambiwa na jamaa kwamba ndoa imekwisha na watoto ni wa ukoo. Hilo ni neno la hakimu, na hakimu hawezi kulisema kabla ya kusikiliza habari zote.

5. POSHO YA MKE AU MUME

Baada ya talaka, mmoja anaweza kuomba posho ikiwa hana njia ya kuishi. Hakimu hupima mambo mawili: haja ya anayeomba na uwezo wa anayetakiwa kutoa. Kambini mara nyingi wote wawili hawana kitu, na posho inaweza kuwa ndogo sana au isiwepo. Lakini hali ikibadilika, kwa mfano mmoja akipata kazi, mahakama inaweza kuombwa kupima upya.

6. MATUNZO YA WATOTO

Matunzo ya mtoto ni kitu kingine, msiyachanganye na posho. Ni haki ya mtoto mwenyewe. Baba na mama wakiachana, wote wawili wanabaki na wajibu wa chakula, mavazi, masomo na matibabu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, kifungu cha 18, unakataza mtoto kunyimwa matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake.

Kwa hiyo mtoto wa wazazi ambao hawakuandikisha ndoa, mtoto wa mke wa pili, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, wote wana haki hiyo. Kodi ya Familia ya Congo nayo inasema kila mtoto wa Kikongomani awe na baba, na hakuna ruhusa ya kumkana. Baba akikataa, mahakama inaweza kuombwa ithibitishe uzazi wake.

Tuchukue mfano. Baba anasema: "Sitoi hata franka moja mpaka wanionyeshe watoto." Mama anajibu: "Hawaoni mpaka atoe." Wote wawili wamekosa. Matunzo siyo bei ya kumwona mtoto, na kumwona mtoto siyo malipo ya matunzo. Anayeumia katikati ni mtoto, na hakugombana na mtu.

7. MTOTO ATAKAA NA NANI?

Wengi wanasema mtoto ni wa baba kwa sababu mahari ilitolewa. Wengine wanasema ni wa mama kwa sababu alimzaa. Sheria haianzi na maneno hayo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unataka faida ya mtoto itangulizwe. Hakimu atauliza: Nani amekuwa akimlea? Ana umri gani? Anasoma wapi? Kuna hatari yoyote? Ndugu zake watatenganishwa?

Mzazi asiyekaa na mtoto habaki mgeni. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kuonana na wazazi wote wawili, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru.

Angalizo: usimchukue mtoto usiku na kumvusha Congo au Burundi ili kushinda kesi. Unamrudisha penye hatari, na unaharibu kesi yako mwenyewe.

8. KADI YA FAMILIA NA MGAO

Mkiandikwa kwenye kadi moja na mkaachana, nendeni kwa wafanyakazi wa ulinzi wa HCR kueleza hali yenu na kuomba kutenganishiwa majina. Fanyeni hivyo kabla ya kuhamishwa kambi nyingine, ili mtoto asiandikwe mahali ambapo hakai. Kubadilisha kadi si talaka. Ni mambo ya mgao tu. Mwenye kushika kadi hana haki ya kuuza chakula cha wengine walioandikwa humo.

9. PAKIWA NA KIPIGO AU VITISHO

Usingoje talaka, wala usilazimishwe kupatana mbele ya wazee. Usalama kwanza. Piga simu 3512 ya polisi kwa ukatili wa nyumbani, au 116 kwa mtoto aliye hatarini. Vituo vya Isange kwenye hospitali hutoa matibabu, ushauri na msaada wa kupeleka mashitaka.

10. MSAADA NA KARATASI

Kila wilaya ya Rwanda ina ofisi ya Maison d'Accès à la Justice, inayoitwa MAJ. Inashauri watu bure. Mashitaka siku hizi huingizwa mahakamani kwa kompyuta. Waulize MAJ namna ya kufanya, na kuhusu kusamehewa malipo.

Chukua ulicho nacho: cheti cha ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto, kadi ya HCR, na majina ya mashahidi waliowajua mkiwa nyumbani. Kama karatasi ziliungua au zilibaki, sema hivyo waziwazi. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa 1951 kinataka mkimbizi asaidiwe kupata hati ambazo hawezi kuziomba kwao. Usinunue karatasi ya bandia.

Mume na mke wanaweza kuachana, lakini baba na mama hawaachani na mtoto wao. Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine karatasi hii.