MSHUBIRI WA UANI: DAWA, UCHUNGU NA AKILI

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mimi maana niliambiwa, lakini baada ya kupata aibu kubwa. Mpenzi msomaji, hebu tega sikio nikusimulie, kisha nikufunze jinsi ya kupanda mshubiri nyumbani bila kujiletea balaa.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Agosti, nyumbani kwetu Kitui. Mama alikuwa ameenda sokoni na baba yuko kazini. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka saba, akashikwa na homa: mwili moto kama kaa, meno yanagongana. Basi mimi nikajiona daktari. Nyuma ya jikoni palikuwa na kichaka cha mishubiri, ambayo sisi Wakamba huiita kiluma. Si nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo? Nikakata majani mawili, nikayachemsha kwa sufuria, nikampa kikombe kizima. Alipokataa nilimziba pua akameza.

Usiku huo hakuna aliyelala. Tumbo lilimkata, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alfajiri baba alimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Damu ilipopimwa, kumbe ni malaria! Na juu ya malaria kulikuwa na upungufu wa maji mwilini, ambao niliuleta mimi kwa mikono yangu. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana, kile kikombe ulikipima kwa nini, kwa kijiko au kwa kiburi?" Sikuwa na jibu. Mtoto alipewa vidonge vya malaria na maji ya chumvi na sukari, akapona. Nami niliapa kuujua mmea ule barabara.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu ajabu. Huo ndio shubiri yenyewe, ile tunayoitaja tunaposema kitu ni chungu kama shubiri, na ile ambayo kina mama wengine hupaka kwenye titi wakimwachisha mtoto kunyonya. Katikati ya jani kuna ute mweupe unaong'aa kama kioo. Ute hupoza ngozi. Utomvu, kwa upande mwingine, huuchokoza utumbo mpana na kumfanya mtu aharishe, akapoteza maji na chumvi za mwili. Mimi nilikuwa nimechemsha vyote pamoja! Huko Marekani, mwaka wa 2002, serikali iliamuru dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri zisiuzwe tena bila cheti cha daktari, kwa sababu ushahidi wa usalama wake haukutosha. Kwa hiyo watoto, waja wazito na wagonjwa wa figo wasinyweshwe kabisa.

La pili, mishubiri si aina moja. Ule unaouzwa sana kwa jina la alovera asili yake ni Bara Arabu, na maua yake ni ya manjano. Hapa Kenya tuna aina nyingi zetu wenyewe. Waluo huziita ogaka na Wakikuyu thukurui. Usichume tu wowote uuonao porini. Aloe ballyi, unaoota pande za Taita, una sumu inayoweza kuua, na harufu yake ni kama ya panya. Tena mishubiri ya porini ilikuwa inakwisha kwa kukatwa ovyo, hata mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku uvunaji wake. Ndiyo sababu nasema: panda wako uani.

Kupanda si kazi ngumu. Tafuta chipukizi kando ya mshubiri mkubwa wa alovera, lenye urefu wa sentimita 15 hivi. Ling'oe pamoja na mizizi yake, uliweke kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke. Ukilipanda likiwa bichi litaoza. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga na samadi kidogo iliyooza. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche. Kama hamna shamba, debe kuukuu lililotobolewa chini latosha kabisa. Usimwagilie maji siku chache za kwanza. Baadaye, wakati wa kiangazi, mara moja kwa wiki inatosha. Mvua ikinyesha, wewe pumzika. Ukiona majani yamekuwa manjano na laini kama ndizi iliyoiva, jua kwamba umeuua kwa wema.

Usivune mapema. Ngoja mmea uwe na majani kumi na mawili au zaidi, kisha kata mawili ya nje, karibu na shina. Simamisha jani kwa dakika 15, upande uliokatwa ukiwa chini, ili utomvu wa manjano uchuruzike. Lioshe, menya ganda, uchukue ute peke yake. Jaribu kwanza kidogo mkononi. Ukiwashwa, achana nao.

Ukiungua kidogo jikoni, usikimbilie mshubiri. Kwanza poza mahali palipoungua kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hapo ndipo upake ute. Lakini moto ukichimba, au malengelenge yakiwa makubwa, nenda hospitali. Na homa je? Homa haina mjadala: ni kupimwa damu, basi.

Mwalimu mlezi wa chama chetu alinidokezea jambo ambalo sijalisahau. Maneno "shubiri" na "subira" yote yametoka kwa Waarabu, na huko kwao yana mzizi mmoja. Nilipolisikia nilikumbuka pua ya mdogo wangu mkononi mwangu. Uchungu nilikuwa nao sufuria nzima. Subira ya kumpeleka zahanati ndiyo niliyoikosa.

Leo yeye ndiye mwenye kuitunza mishubiri yetu, mitano kwenye madebe. Mgeni akiomba jani humpa, kisha humwambia, "Ni ya kupaka, si ya kunywa. Muulize huyu." Nami huinamisha kichwa.

Ndugu msomaji, panda mshubiri, lakini panda na akili pia. Kwaheri ya kuonana.