Kutunzwa mawazo kwa telefone: wazee, wagonjwa na wenye kuwalinda, Masisi na Walikale

Mzee mwenye presha akifika kituo cha afya wanampima, wanampa vidonge kama viko, anarudi nyumbani. Ni mara chache anaulizwa kama analala usiku, ao kama tangu wakimbie kijiji ameacha kula. Binti yake mwenye kumwosha na kumlisha, yule anaitwa gadimalade ku hopitali, yeye haulizwi kitu kabisa.

Lakini shida iko. Kufuatana na hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) ya mwaka 2019, katika fasi zilizopigwa na vita mtu 1 kwa 5 anaishi na ugonjwa wa akili, mdogo ao mkubwa: huzuni isiyoisha, woga, mshtuko wa mambo aliyoyaona. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama sukari, kifafa ao SIDA, anabeba mbili pamoja. Na moja inaharibu ingine: mwenye kukata tamaa anasahau dawa, sukari inapanda, anakata tamaa zaidi.

Ndiyo maana katika inchi nyingi wanganga wameanza kutunza mawazo ya watu kwa telefone na intaneti, zaidi tangu wakati wa Korona mwaka 2020. Si kupiga stori tu. Ni mazungumzo yenye mpango: siku inajulikana, saa inajulikana, na kila mara kuna zoezi la kufanya mbele ya kuongea tena. Programu moja ya OMS iliyotoka 2016 inafanyika kwa vikao 5. Mtu anafundishwa kupumua polepole ili mwili utulie, kuchagua shida moja anayoweza kuigusa, kurudilia kazi ndogo ndogo alizoziacha, na kutafuta tena watu wa kumsaidia. Wenye kuifanya hawalazimishwe kuwa wanganga wa akili. Wanafundishwa, halafu mwenye ujuzi anawafuata.

Hapo ndipo wengi wanaleta mashaka: mtu asiyesoma sana atamtunza mwenzake namna gani? Zimbabwe walijibu kwa vitendo. Munganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, mji wa Harare, na wamama wazee, makoko wa watu, wenye kukaa na mgonjwa ku kiti cha mbao nje ya kituo cha afya. Utafiti uliotoka 2016 kwa watu 573 ulionyesha kwamba kisha miezi 6, wenye kubaki na huzuni kubwa walikuwa kama 14 kwa 100 kati ya waliopita ku kiti, na kama 50 kwa 100 kati ya wale wengine. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita « kufikiri kupita kiasi ». Mtu wa Masisi hahitaji mtafsiri hapo: ni mawazo mingi.

Mashariki ya Kongo pia kuna mfano. Mwaka 2013 ulitoka utafiti juu ya wamama 405 waliofanyiwa ubakaji. Waliowatunza kwa vikundi walikuwa APS, wasaidizi wa vijijini ambao wengi hawakupita chuo kikuu. Kisha miezi 6, waliobaki na huzuni ao woga mkubwa kati ya wenye vikundi walikuwa 9 kwa 100, wengine 42. Ilifanyika uso kwa uso, si kwa telefone. Lakini inaonyesha kwamba mtu wa kuongea naye anaweza kupatikana karibu.

Sasa rezo. Video isahaulike kwanza. Walikale peke yake inapita kilometa za mraba 23,000, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni pori. Kuna fasi mtu anapanda kilima ndipo apate mistari miwili. Kinachowezekana ni sauti: telefone ya kawaida ya vifungo, na mwenye kutunza ndiye anapiga, ili unite za mgonjwa zisiishe. Wenye WhatsApp wanaweza kutumiana sauti zilizorekodiwa, zinafika rezo ikirudi. Mwezi wa tano 2025 serikali iliruhusu Starlink kufanya kazi katika inchi, lakini antena, bei yake na moto wa kuiwasha si mambo ya mkulima. Inaweza kusaidia vituo vya afya, si nyumba.

Faida kubwa ya telefone inaonekana wakati wa vita. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Masisi-centre, maelfu ya watu walikimbilia hopitali kubwa, ile inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) tangu 2007. Mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Walikale-centre. Mtu akikimbia, kituo kinabaki nyuma. Namba inaenda naye, kama telefone haikunyanganywa njiani.

Na telefone inaweza kuleta hatari. Mwenye silaha akiishika, anasoma. Kwa hiyo sauti na ujumbe vifutwe kisha kusikilizwa, na majina ya vikundi yasitajwe. Kukubaliana neno la siri ni vizuri: mgonjwa akisema « mihogo haijakauka », anayepiga anajua kuna mtu karibu, anakata.

Shida ingine, isiyoongelewa sana, ni lugha. Koko mwenye kujua Kihunde ao Kinyanga peke yake anatafsiriwa na mjukuu wake. Atamwambia mjukuu kwamba anatamani kufa? Hawezi. Afazali APS mmoja mwenye lugha yake kuliko munganga mkubwa wa mbali.

Kuna hali telefone haitoshi: mwenye kutaka kujiua, mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, mwenye kuangushwa na kifafa. Hao wapelekwe kituo cha afya, na kama njia iko, Tulizo Letu ya Goma. Wala asiache dawa za presha ao za SIDA kwa sababu mtu wa WhatsApp amesema. Na yule anayeomba feza kwa M-Pesa ao Airtel Money mbele hata ya kuuliza jina, huyo ni mwizi.

Ku kituo cha afya, mgonjwa ao gadimalade anaweza kuuliza hivi: APS wa hapa ni nani, anaongea lugha gani, na anaweza kutupigia siku barabara imefungwa?