Ukiambiwa shule ya jeshi la Marekani yatafuta walimu Mombasa, soma haya kabla ya kutuma pesa



Kwa wiki kadhaa sasa kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kutoka Kibokoni hadi Kisauni na kuvuka feri hadi Likoni. Wasema shule ya watoto wa wanajeshi wa Marekani huko Bahrain yataka walimu wa Kenya. Diploma yatosha, nyumba bure, tiketi bure, na mwenye haja atume shilingi 25,000 za kufungua faili kabla ya Ijumaa. Wasomaji watatu wameniandikia kuniuliza kama ni kweli. Mmoja ni mwalimu wa JSS wa mkataba wa uanagenzi, na sote twajua mshahara wa mkataba ule haufiki hata tarehe kumi na tano. Kwa mtu kama huyo 25,000 ni pesa ya kuomba kwa ami na kwa shangazi, au ni mkufu wa mama unaopelekwa kwa sonara.

Shule yenyewe ipo. Hilo ndilo linalofanya maneno haya yaingie masikioni vizuri. Iko Juffair, mjini Manama, karibu na makao ya Kikosi cha Tano cha jeshi la majini la Marekani, na huitwa Bahrain School. Si watoto wa wanajeshi peke yao wanaosoma pale. Kwa miaka mingi imepokea pia watoto wa mabalozi na wa wenyeji wenye uwezo wanaolipa karo, na mwanamfalme mrithi wa Bahrain, Salman bin Hamad, alimaliza masomo yake ya sekondari hapo. Kwa hivyo ukimuuliza jamaa yako aliyeko Manama atakwambia, naam, naijua, mimi hupita mbele yake. Wakala anategemea jibu hilo hilo.

Ambalo hatakwambia ni nani mwenye shule. Bahrain School si ya mtu binafsi wala ya kampuni. Ni mali ya serikali ya Marekani, chini ya idara ya Wizara ya Ulinzi iitwayo kwa kifupi DoDEA. Idara hii ina shule kama 160 hivi, ndani ya Marekani yenyewe na katika nchi 11 za nje: Ujerumani, Japani, Korea Kusini, Italia, Uhispania, Ubelgiji, Uingereza na kwengineko. Zilianza mwaka 1946. Vita vikuu vimekwisha, askari wamebaki kulinda Ujerumani na Japani, wakaruhusiwa kuleta wake zao, na wake wakaja na watoto. Watoto wakahitaji darasa. Zikafunguliwa shule ndani ya nyumba zilizokuwa za watu wengine, na walimu wakasafirishwa kwa meli kutoka Marekani.

Mwalimu wa shule hizi ni mtumishi wa serikali ya Marekani. Mshahara wake wa ng'ambo umewekewa sheria maalumu tangu mwaka 1959, na hupimwa kwa kutazama walimu wa miji mikubwa ya kwao wanalipwa kiasi gani. Juu ya hapo kuna posho ya nyumba kwa aliyeajiriwa kutoka kwao, na vyombo vyake husafirishwa kwa gharama ya serikali. Haya mambo mazuri yaliyomo kwenye ule ujumbe ni kweli kabisa, ila yana wenyewe. Nafasi ya kudumu ya ualimu ng'ambo ni ya raia wa Marekani. Awe na digrii, awe na leseni ya kufundisha, na akubali kupelekwa popote penye haja. Aliyekuwa na hamu ya Italia anaweza kujikuta Korea. Maombi hufanywa mtandaoni kwa idara yenyewe, wala hayana ada, na hakuna wakala wa Mombasa, Nairobi wala Dubai aliyepewa kazi ya kuwakusanyia watu.

Nafasi zinazotolewa papo hapo kwenye kambi, kama za wasaidizi wa darasa na za walimu wa kushikilia, nyingi huchukuliwa na wake na waume wa wanajeshi, ambao wana haki ya kutangulizwa. Kuna pia walimu wenyeji wa kufundisha lugha na mila za nchi. Ukienda Okinawa utamkuta mwalimu Mjapani, na Ramstein utamkuta Mjerumani. Hao huajiriwa kwa kuwa tayari ni watu wa pale.

Wengine wameniuliza kuhusu Manda. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye baraza moja Lamu, kwamba Wamarekani wa Manda Bay watafungua shule na vijana wa Mokowe watapata kazi. Hapana. Shule ya namna hii hujengwa pale tu ambapo askari ametumwa pamoja na familia yake. Manda watu huenda peke yao kwa miezi kadhaa na kurudi, na baada ya shambulizi la tarehe 5 Januari 2020, lililoua Wamarekani watatu, sioni kamanda atakayemleta mtoto wa darasa la pili pale. Hata Djibouti, penye kambi kubwa kuliko ya Manda, hakuna shule yao. Na pale penye shule, inaweza kufungwa kwa amri ya siku moja. Mwaka 2016 familia za Wamarekani waliokuwa Incirlik, Uturuki, ziliamriwa kuondoka kwa sababu ya usalama, madarasa yakabaki na madawati. Bahrain yenyewe familia ziliwahi kuondolewa mwaka 2004.

Hapo ndipo kazi yenyewe inaponivutia, maana mimi ni mtu wa chaki na hili la wakala ni udhia tu. Hebu fikiria darasa ambalo kila mwaka sehemu kubwa ya watoto ni wageni. Mzazi mwanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mtoto ameanza kusoma Texas, akaja Ujerumani, akapelekwa Japani, na kote huko amewaacha marafiki. Halafu kuna siku baba anaitwa kwenda vitani, au mama, kwa kuwa kwao mama naye huvaa gwanda. Mwalimu hujua kwa kumtazama. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri ameanza kulala darasani, au anapiga wenzake. Shule hizi zina washauri wanaokaa na watoto kuzungumza nao juu ya safari hizo, na mwenyeji wa darasa hupewa jukumu la kumpokea mgeni, kumwonyesha maktaba iko wapi na wapi watu hulia chakula. Mwezi wa Aprili umetengwa kuwa mwezi wa mtoto wa mwanajeshi tangu miaka ya 1980, na siku moja ya mwezi huo shule nzima huvaa zambarau.

Na wanafaulu. Kwenye mtihani wa kitaifa wa Marekani wa kusoma na hesabu, unaofanywa na watoto wa darasa la nne na la nane, shule za jeshi zilikuwa juu ya majimbo yote mwaka 2022, na mwaka 2024 zikawa juu tena. Sababu zinazotajwa hazina uchawi. Mtaala ni mmoja kote, kwa hivyo mtoto akihama Jumatatu kutoka Naples akafika Okinawa hajapoteza sura ya kitabu. Kila mtoto ana angalau mzazi mmoja mwenye kazi, nyumba ipo, hospitali ipo. Pesa za shule hazitegemei utajiri wa mtaa, jambo ambalo huko Marekani huziua shule nyingi za watu maskini na weusi. Na jeshi lao liliamriwa kuacha ubaguzi wa rangi mwaka 1948, miaka sita kabla ya mahakama yao kuu kusema hayo hayo kuhusu shule za kawaida, basi mtoto wa meja mweupe na wa sajenti mweusi hukaa dawati moja.

Mimi hulinganisha na kwetu nikashikwa na uchungu. Sisi nasi tuna askari wanaohamishwa. Tuna mabaharia wa Mtongwe, polisi wa Likoni, na watu wa GSU wanaotupwa Boni wakiacha wake na watoto kambini. Moi Forces Academy ya Nairobi na ile ya Lanet zipo, lakini hazimtoshi kila mtoto wa afande. Aliyehamishwa katikati ya muhula kutoka Likoni hadi Lodwar hufika na barua mkononi, aambiwe sare si hii, namba yake ya UPI haijahamishwa kutoka shule ya zamani, arudi wiki ijayo. Nimepata wanafunzi wa namna hiyo darasani mwangu. Hakuna aliyeniambia baba yake yuko wapi mpaka nilipouliza mwenyewe.

Kuna swali la mwisho, nalo limeulizwa na mzee mmoja wa msikiti wetu kwa sauti ya chini: je, Mwislamu afundishe watoto wa jeshi lililopiga Iraq? Mimi si mufti, na mwenye kutaka fatwa aende kwa masheikh. Rai yangu ni kwamba mtoto wa miaka saba hakupiga mtu, na kumfundisha kusoma ni kazi njema. Lakini simlaumu anayesema moyo wake haukubali. Kuna mshahara ambao mtu huusikia ukimkwama kooni, na hilo kila mmoja alijue nafsini mwake kabla ya kupanda ndege.

Sasa kwa mwenye nia ya kweli. Mpwa wangu ana digrii ya ualimu na miaka minne darasani, na nilimwambia aachane na neno jeshi. Ghuba ina shule nyingi za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Uingereza au wa Marekani, na hizo huajiri Wakenya. Zataka digrii, usajili wa TSC, cheti cha tabia njema kutoka DCI, na vyeti vilivyothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi kisha ubalozi wa nchi unakokwenda. Mwenye diploma pekee atapata shida, na afadhali nimwambie mimi leo kuliko aambiwe na mtu wa uhamiaji Manama. Akitokea wakala, jina lake litafutwe kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Halafu uandikie shule yenyewe kwa anwani iliyoko kwenye tovuti yake, usitumie ile uliyopewa na wakala.

Shule za jeshi la Uingereza, kama zile za Episkopi na Dhekelia kule Cyprus, nazo hutaka walimu waliohitimu kwa utaratibu wa Uingereza, na zinapungua. Zilizokuwa Ujerumani zimekwisha karibu zote baada ya jeshi lao kuondoka.

Ila wapo Waswahili ambao mlango wa DoDEA uko wazi kwao, nao hawajui. Ni vijana wetu waliozaliwa Marekani au waliopata uraia huko. Wengine waliupata kupitia jeshi lenyewe, maana kuanzia mwaka 2008 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha fulani, na Kiswahili kilikuwamo. Kama una mtoto au mkaza mwana wa namna hiyo, na anasomea ualimu, mwambie achukue leseni ya jimbo lake kwanza, afundishe mwaka mmoja au miwili, kisha aombe. Bahrain si mbali na Mombasa, aweza kuja nyumbani Idi.