Rangi Mbili Zinapokutana: Uhusiano au Sadfa?

Watu wawili wakionekana pamoja sokoni siku ya gulio, haimaanishi kwamba wametoka nyumba moja, wala kwamba wana shauri moja. Siku ya gulio kila mtu huenda sokoni. Jambo hilo analijua kila mama wa nyumbani, na ndilo linalowasumbua wataalamu wa elimu ya viumbe wanapotazama kwa hadubini ndani ya chembe hai, yaani seli.

Seli moja ya mwili wa binadamu ina maelfu ya aina za protini. Hizo ndizo watenda kazi wa seli: nyingine hujenga, nyingine huchukua mizigo, nyingine hulinda milango. Mara nyingi protini moja haitimizi kazi yake peke yake, bali hushikamana na mwenzake. Kwa hiyo mtaalamu atakaye kujua jinsi ugonjwa unavyoushika mwili, au jinsi dawa itakavyouzuia, hana budi kujua kwanza ni protini ipi inayoshirikiana na ipi.

Ili protini ionekane mahali ilipo, hutiwa alama ya mwanga. Mwaka 1962 Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marekani, pamoja na wenzake, walieleza habari za protini ing'aayo kijani, waliyoitoa katika mnyama wa baharini mwenye mwili laini mfano wa ute wa yai. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba protini hiyo yaweza kung'aa hata ndani ya viumbe wengine. Roger Tsien akaongeza rangi nyingine. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008.

Siku hizi, basi, mtaalamu huitia protini moja alama ya kijani na ya pili alama nyekundu, akapiga picha mbili na kuzilaza moja juu ya nyingine. Mahali ambapo mwanga wa kijani na mwanga mwekundu hukutana, jicho huona manjano. Na hapo ndipo palipo na mtego.

MANJANO HUDANGANYA

Yafaa ieleweke kwamba manjano huongezeka au hupungua kwa kugeuza tu nguvu ya mwanga wa picha. Zaidi ya hayo, rangi zaweza kukutana kwa sadfa tupu. Chukua mfano wa seli ambayo nusu ya nafasi yake imejaa kijani na nusu imejaa nyekundu, kila rangi ikiwa imetawanyika bila kuijali nyenzake. Hata kama protini hizo hazijuani kabisa, robo ya seli itakuwa manjano, na nusu ya nyekundu yote itaangukia juu ya kijani. Kila rangi ikijaza robo tatu ya nafasi, sehemu 9 katika 16 za seli zitakuwa manjano. Mtu atakayetangaza kwamba zaidi ya nusu ya seli hiyo inaonyesha ushirikiano atakuwa hajasema lolote.

Kwa sababu hiyo wataalamu huacha kulitegemea jicho na kushika hesabu. Picha ya hadubini ni mkusanyiko wa nukta nyingi, na kila nukta ina namba ionyeshayo nguvu ya mwanga wake. Kipimo kimoja, kinachoitwa kwa jina la Karl Pearson, hutazama kama nukta zenye kijani kingi ndizo pia zenye nyekundu nyingi. Jibu lake huwa kati ya 1 na kasoro 1, na sifuri maana yake ni kwamba hakuna uwiano. Kipimo kingine kilitolewa mwaka 1993 na Manders na wenzake wa Uholanzi. Hicho hueleza ni sehemu gani ya protini moja iliyo mahali ilipo ya pili.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Kipimo kikitoa 0.3, je, ni kikubwa au kidogo? Hapana ajuaye mpaka ajue sadfa ingetoa kiasi gani.

PICHA HUCHANGANYWA KAMA KARATA

Mwaka 2004 Sylvain Costes na wenzake walitoa njia ya kulijibu swali hilo. Picha ya rangi moja hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa doa dogo kabisa ambalo hadubini yaweza kulionyesha. Vipande hivyo huchanganywa kama karata, kisha picha iliyovurugwa hulinganishwa na picha ya rangi ya pili ambayo haikuguswa, na kipimo huandikwa. Kazi hiyo hurudiwa mara 200. Ikiwa picha ya kweli imezishinda picha zilizovurugwa mara 95 au zaidi katika kila 100, huhesabiwa kwamba makutano yale hayakuletwa na sadfa.

Hukatwa vipande, wala hazichanganywi nukta moja moja, kwa kuwa mwanga wa kitu kimoja huenea katika nukta jirani. Kuzitawanya nukta hizo ni kuvunja umbo la asili la picha, na hapo hata makutano hafifu yataonekana kuwa makubwa.

Njia hiyo iliweza kutambua makutano ya kweli hata yalipokuwa asilimia 3 tu katika picha za majaribio. Kisha watafiti hao waliitumia juu ya jambo zito: virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo vina protini iitwayo Rev, ambayo hushikamana na protini ya binadamu iitwayo CRM1 ili kupitisha maagizo ya virusi kutoka katika kiini cha seli. Watafiti walitia kemikali iitwayo leptomisini B, inayoizuia CRM1, wakapima ndani ya seli zilizo hai mwendo wa kuachana kwa protini hizo mbili.

MIPAKA YA KIPIMO

Hata kipimo chema chaweza kutumiwa vibaya. Mtu akichanganya vipande vya picha nzima, pamoja na sehemu nyeusi iliyo nje ya seli, karibu kila jozi ya protini itaonekana kuwa na uhusiano, maana zote zimo ndani ya seli na hakuna iliyo nje. Huko ni kuwalinganisha watu wa sokoni na pori tupu. Yapasa sadfa ipimwe ndani ya soko lenyewe.

Aidha, kukutana si kushikana. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, ilhali protini nyingi zina upana wa nanomita chache tu. Protini mbili zaweza kukaa katika doa moja la manjano bila kugusana. Hapo huhitajika vipimo vingine, na seli nyingi badala ya moja.

Uangalifu huu si anasa ya wasomi. Dawa ikitafutwa juu ya uhusiano usiokuwapo, miaka ya kazi na fedha nyingi hupotea, na mgonjwa huendelea kungoja.

Nasi majumbani tuna la kujifunza. Homa ikizidi wakati wa msimu wa maembe, wako watakaoyalaumu maembe, ilhali mvua za msimu huo ndizo zinazozalisha mbu. Kabla ya kukubali kwamba mambo mawili yanahusiana kwa kuwa yameonekana pamoja, yafaa kuuliza: kama yasingehusiana, yangeonekana pamoja mara ngapi?